Nukta Kwenye Geti la Kiwanda cha Mbao

Mama Mkabala hakuzaliwa na hasira. Hasira alikabidhiwa na idara, siku moja pamoja na kiti cha kuzunguka kilichong'oka mkono mmoja, kibodi ambayo herufi ya k haiandiki mpaka uikandamize kwa kidole gumba, na meza inayotazamana na mlango wa choo. Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa msoma mita za maji, na wanaomkumbuka enzi hizo wanaapa kwamba hakukuwa na mcheshi kama yeye.

Kusoma mita ni kazi ya miguu. Unaingia uani kwa watu, unainama, unafuta tope kwenye kioo, unaandika namba, unaaga. Shida si mita, shida ni nyumba. Katika mji ule nyumba zenye namba mlangoni zilikuwa za kuhesabika, na hata hizo hazikuheshimiana: ya kumi na nne imekaa katikati ya ya tatu na ya hamsini na moja, kwa kuwa kila mwenye nyumba alijichagulia namba aliyoipenda, kama anayechagua rangi ya dirisha. Basi wasoma mita walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja alitembea na daftari la jalada gumu, na humo kila nyumba iliandikwa kwa maneno. "Mkabala na mashine ya kusaga, geti la bluu, mbwa ni mkali ila anaogopa mwavuli." "Nyuma ya shule ya msingi, kichochoro cha pili, mlango wa bati, bibi hasikii, gonga dirishani." Msoma mita mmoja akiugua, mwenzake alichukua daftari lake akazunguka eneo zima bila kuuliza mtu hata mara moja. Madaftari ya huyu mama ndiyo yaliyokuwa yakigombewa, na kwa kuwa nusu ya nyumba zake zilikuwa mkabala na kitu fulani, wenzake wakambandika jina hilo, nalo likaganda.

Magoti yalipoanza kukataa mitaro, idara ilimhurumia, ikamhamishia ofisi ya anwani: ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nne, lifti hakuna. Wakubwa nao wana utani wao.

Kazi ya ofisi ya anwani ilikuwa nyepesi kuieleza na balaa kuifanya. Kulikuwa na programu ndani ya kompyuta, wote wakiiita mashine, ambayo ukiilisha anwani kwa maneno inakurudishia mahali: namba mbili ndefu zenye mkia wa desimali, na nukta juu ya ramani. Ikiitambua anwani, mstari unageuka kijani na kuandikwa mia kwa mia. Ikishindwa, mstari unakuwa mwekundu. Anwani zenyewe zilitolewa kwenye madaftari ya wasoma mita, yakachapwa na kuingizwa yote, nyumba elfu kumi na moja na ushee, kila moja na namba ya mita yake.

Lengo lilikuwa jema, tusiseme uongo. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi uliofuata, magari sita ya wagonjwa ya mji ule yangewekewa skrini. Mtu anapiga simu, anataja namba ya mita ya nyumba yake, na nukta inaruka moja kwa moja hadi kwa dereva. Ndio ungekuwa mwisho wa madereva kusimama kila kona wakishusha kioo, "Samahani ndugu, kwa fundi viatu ni wapi?" huku mtu anakata roho. Amri ilishatoka: dereva aifuate nukta, asisimame kuuliza. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini mashine haikulelewa na wahenga.

Na mashine yenyewe ilikuwa mbumbumbu. Haikujua nyuma. Haikujua mkabala, wala ng'ambo, wala "pita hapo penye bomba bovu". Ukiiandikia "nyumba ya mwalimu mstaafu" ilikupeleka chuo cha ualimu. Na ikikosa kabisa pa kushika, haikuwa na adabu ya kukaa kimya. Ilipima katikati ya kata nzima na kuitupa nukta hapo. Katikati ya kata moja palikuwa na bwawa la samaki. Kwa wiki nzima kaya mia tatu na kumi na mbili ziliishi humo majini, pamoja na watoto wao na vyombo vyao.

"Kutojua si dhambi," Mama Mkabala alimwambia fundi wa mfumo, dada mpole mwenye miwani aliyesimamia kompyuta zote za jengo. "Kinachonichefua ni kwamba haijui, halafu inajibu."

"Inajitahidi, mama."

"Basi ijitahidi kunyamaza."

Fundi ndiye aliyemwonyesha njia ya haki. Mstari ukikataa, unafungua picha ya mji iliyopigwa kutoka angani, unaitafuta nyumba kwa macho yako, unaweka nukta juu ya paa kwa mkono. Nyumba moja, dakika kumi, wakati mwingine robo saa. Mama Mkabala alivaa miwani yake ya kusomea juu ya ile ya kuonea mbali, akaanza. Nyumba ya kwanza kabisa aliyoiweka, kabla hata chai haijapoa, ilikuwa ya kaka yake.

Huyo kaka, fundi saa aliyestaafu, ndiye aliyemlea yeye baada ya baba yao kufariki. Alikaa nyuma ya kiwanda cha mbao, na hapo ndipo penye kisa. Geti la kiwanda liko barabara kuu. Nyumba ziko upande wa nyuma, ng'ambo ya mtaro mrefu wa maji machafu, na mtu wa miguu huvuka kwa ubao. Gari haliwezi. Gari lazima lizunguke shuleni, literemke, lipande, kisha liingie kwa upande wa pili, na dereva asiyepajua hapati njia hiyo hata kwa ndoto. Zamani, kabla ubao haujawekwa, kaka alimbeba mdogo wake mabegani kuuvuka mtaro ule kila asubuhi ya shule. Sasa alikuwa na miaka sabini na moja na pumu iliyomwanza uzeeni. Mwaka ule alibanwa mara mbili, mara ya pili mpaka midomo ikabadilika rangi, na daktari alimwambia mkewe bila kuzungukazunguka: "Safari ijayo usichemshe maji, usiite majirani, piga simu gari lije na hewa. Dakika kumi na tano, mama. Zikizidi hapo, siahidi."

Mama Mkabala alisogelea picha ya mji mpaka akauona mpapai wa kaka yake, akashusha nukta katikati ya paa, taratibu kama anayemvisha mtoto kofia. Jumapili iliyofuata akaenda kuwaeleza. Kwa mazoea ya kazi hakuuliza ankara ya maji iko wapi. Alitoka uani mwenyewe, akainama kwa maumivu kwenye mita, akaisoma namba, akarudi ndani na kuiandika ukutani juu ya simu kwa kalamu nene.

"Ukipiga, taja namba hii tu, wifi," akamwambia mke wa kaka yake. "Usianze habari za kiwanda wala mtaro. Mengine nimeshayapanga mimi."

"Kwa hiyo na sisi tumo kwenye ramani?" kaka akauliza, akicheka kwa vituo.

"Mmo. Nimewaweka kwa mkono wangu."

Ofisini mambo hayakwenda kwa dakika kumi kumi. Mkuu wa kitengo alikuwa bwana mmoja mwembamba aliyevaa tai hata siku ya kuhamisha makabati, na kila Ijumaa alisimama mbele ya ubao mweupe kuandika asilimia ya kijani ya kila mfanyakazi, kwa namba iliyo kwenye kitambulisho chake cha shingoni. Hakujali nukta iko wapi. Alijali rangi. Wakamwita Bwana Asilimia, naye alijua, na kwa siri alipendezwa. Wiki ya kwanza, mfanyakazi namba nane alipata tisini na sita. Mfanyakazi namba saba alipata kumi na tisa.

Namba saba alikuwa Mama Mkabala. Namba nane alikuwa jirani yake wa meza, Mama Pacha, mwanamke mcheshi wa kuongea na simu huku anaandika, ambaye watoto wake wawili walikuwa maarufu jengo zima kwa utundu.

"Umefanyaje?" Mama Mkabala akamuuliza.

"Napogoa."

"Unapogoa nini?"

Mama Pacha akavuta kiti, akashusha sauti. "Inakataa kwa sababu unaijaza maneno. Tazama." Kwenye mstari mwekundu palikuwa na "Nyuma ya shule ya msingi, kichochoro cha pili, mlango wa bati". Akafuta mlango wa bati. Nyekundu. Akafuta kichochoro cha pili. Nyekundu. Akafuta nyuma ya. Ikabaki shule ya msingi peke yake, na mstari ukageuka kijani kibichi. "Umeona? Mia kwa mia."

"Mia kwa mia ya nini? Hiyo nukta iko ofisini kwa mwalimu mkuu. Bibi wa watu analala ofisini kwa mwalimu mkuu?"

"Si ni hapo hapo tu, dada? Dereva akifika shuleni ataona."

"Ataona nini, na amekatazwa kuuliza?"

"Ah, na wewe." Mama Pacha akarudi kwenye simu yake.

Kuanzia siku hiyo ofisi nzima ilipogoa. Walikaa wamejipanga, mikono kwenye kitufe cha kufuta, wakikata neno baada ya neno mpaka mashine iridhike. Hakuna aliyewatuma na hakuna aliyewakataza. Mama Mkabala aliguna, akasonya, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka choo cha wanaume kwamba yale yalikuwa maneno ya watu waliotembea juani, kwamba yeye aliumwa na mbwa mara tatu ili apate yale maneno, na kwamba mtu anayefuta "nyuma ya" anafuta nyumba ya mtu. Wakamwacha aseme. Bwana Asilimia akapita na kumuuliza kama anahitaji likizo.

Wiki ya pili alipata thelathini na moja. Wiki ya tatu arubaini na nne, na macho yalikuwa mekundu kuliko mistari. Alishaweka nyumba mia nne na kitu kwa mkono, kila moja juu ya paa lake. Halafu ikaja Ijumaa ya mwisho.

Saa tisa na robo alasiri Bwana Asilimia alisimama kando ya kiti chake kisicho na mkono. "Mama, saa kumi kamili orodha inafungwa. Umebakiwa na ngapi?"

"Sitini."

"Sawa. Zitakazobaki nyekundu zinafutwa. Hazitaingia kwenye orodha ya magari."

"Zinafutwa vipi? Hao watu wakiugua je?"

"Ndiyo maana nakwambia uzimalize." Akatazama saa yake. "Wenzako wamemaliza tangu jana. Wewe ndiye unayeturudisha nyuma."

Sitini kwa dakika kumi ni kazi ya saa kumi nzima. Alikuwa na dakika arubaini na tano. Akatazama mistari, akatazama mlango wa choo, akahisi machozi ya hasira yanampanda puani. Afadhali nukta ya karibu kuliko kukosa nukta kabisa, akajiambia. Jumatatu nitarudi nizipange vizuri. Akaanza kufuta. Hakusoma. Ukisoma utakumbuka, na ukikumbuka hutaweza. Aliangalia rangi tu: futa, nyekundu, futa, nyekundu, futa, kijani, chini. Herufi ya k haikumchelewesha, maana kufuta hakuihitaji. Saa kumi kasoro dakika tatu alimaliza, na Bwana Asilimia akaandika mia ubaoni, ya kwanza kwa namba saba tangu ubao ununuliwe, akampigia makofi mawili.

Jumatatu orodha ilikuwa imefungwa, na ili kubadilisha mstari mmoja ilihitajika fomu yenye sahihi za watu watatu, mmoja wao yuko safarini. Jumanne zikaja anwani za kata mpya. Ahadi ya kurudi ikasogezwa mbele siku kwa siku, kama miadi ya fundi cherehani.

Magari yalianza tarehe mosi kama ilivyotangazwa. Tarehe nne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, simu ya Mama Mkabala ililia juu ya meza.

"Wifi!" Sauti ilikuwa juu, imekatika. "Kaka yako amebanwa! Nimepiga, nimetaja namba, wameniambia gari limefika. Limefika wapi? Sioni gari! Nimetoka nje mara tatu!"

"Tangu saa ngapi?"

"Dakika kumi sasa. Wifi, hawezi kuongea."

Alishuka ngazi thelathini na nne kwa namna ambayo magoti yake yalikuja kumdai wiki nzima. Chumba cha simu cha magari ya wagonjwa kilikuwa chini ya jengo hilo hilo. Mpokea simu, mwanamume wa makamo mwenye kikombe mkononi, akainuka kumzuia, kisha akamtazama usoni na kukaa. Mama Mkabala akaichukua redio ya upepo kutoka mezani.

"Dereva, uko wapi?"

"Nimefika," redio ikajibu.

"Umefika wapi?"

"Kwa mgonjwa. Skrini imeandika nimefika."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Ndiyo nawauliza nyinyi. Hapa kuna geti na mlinzi na magogo."

Mama Mkabala akafumba macho. Alilijua geti lile, alimjua mlinzi, aliyajua magogo. Kuzunguka shuleni kungechukua dakika ishirini kwa mtu anayepajua.

"Sikiliza. Mgonjwa yuko nyuma ya kiwanda, ng'ambo ya mtaro. Usilizungushe gari, utapotea. Mwambie mlinzi afungue mpaka mlango wa uani kwa nyuma."

"Mama, tumekatazwa kuuliza watu njia."

"Umekatazwa kuuliza, hujakatazwa kupiga kelele! Mpigie kelele huyo mlinzi! Mwambie ni fundi saa, yule aliyemtengenezea saa yake ya ukutani, anakufa hapo nyuma!"

Yaliyofuata aliyasikia kwa masikio tu, amesimama, redio ameibana shavuni. Alisikia mlango wa gari. Alisikia dereva akipaza sauti, na mlinzi akipaza zaidi. Kisha msumeno mkubwa wa kiwanda, ambao kwa miaka thelathini hakuwahi kuusikia ukinyamaza mchana, ukanyamaza. Baadaye alisimuliwa kwamba wafanyakazi sita walitoka na ubao mpana ambao haujapigwa randa, wakavuka mtaro, wakamlaza mzee juu yake, wakarudi wakinyata juu ya daraja la ubao wakiwa wamebeba ubao, kisha wakampakia kwenye toroli la magogo na kumsukuma mbio katikati ya vumbi lile lile linalomuua, mpaka getini. Ndivyo mgonjwa alivyopelekwa kwenye nukta, kwa kuwa nukta haikwenda kwa mgonjwa.

"Tumempata," redio ikasema. "Yuko kwenye hewa."

"Anapumua?"

"Anapumua vibaya. Lakini anapumua."

Mpokea simu akamsogezea kiti. Hakukaa. Sasa kwa kuwa hofu ilipata pa kutua, hasira ilishika nafasi yake, na ilikuwa hasira ya wiki nyingi, tangu kile kiti, tangu kile choo. Akapanda ngazi zote thelathini na nne bila kushika ukuta.

"Nani amegusa nukta ya kaka yangu?"

Mama Pacha akaitoa simu sikioni.

"Niliiweka mwenyewe! Wiki ya kwanza, juu ya paa, mpapai unaonekana! Leo gari limempelekea mtu hewa kwenye geti la kiwanda! Mmepogoa, mmepogoa, mpaka mmempogoa ndugu yangu!" Alikuwa akimtazama Mama Pacha, na kila mtu aliona anamtazama nani. "Tisini na sita! Makofi! Kumbe ni roho za watu!"

"Dada, sikugusa kata yenu," Mama Pacha akasema polepole. "Nakuapia wanangu."

"Usiwaapie watoto wa watu bure!"

Bwana Asilimia akatoka ofisini kwake akirekebisha tai. Fundi wa mfumo, aliyekuwa akibadilisha waya chini ya meza, akainuka na kusema kwa upole wake kwamba hakuna haja ya kuapa, kila mstari unahifadhi nani aliugusa mara ya mwisho na saa ngapi. Akaomba namba ya mita. Mama Mkabala akaitaja kwa kichwa, kama ilivyo ukutani.

Fundi akaandika. Akatazama. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Soma," Mama Mkabala akasema. "Soma kwa sauti, wote wasikie."

"Anwani ya awali: nyuma ya kiwanda cha mbao, vuka ubao, nyumba ya tatu yenye mpapai, mita ipo chini ya karai." Fundi akashusha kidole mstari wa pili. "Imebadilishwa kuwa: kiwanda cha mbao. Ijumaa, saa tisa na dakika hamsini na moja. Mfanyakazi namba saba."

Mama Mkabala akakishika kitambulisho kilichoning'inia shingoni kwake, akakigeuza, akaisoma namba kana kwamba ni mita ya mtu mwingine.

"Haiwezekani. Ya kaka niliiweka juu ya paa."

"Ipo na hiyo, mama. Hii hapa, nzuri kabisa." Fundi akafungua mstari mwingine. "Lakini ni ya mita ya zamani. Inaonekana mwaka jana ilivuja, wakabadilishiwa, ikaja na namba mpya. Namba mpya zote zilikaa mwisho wa orodha."

Mwisho wa orodha. Zile sitini. Yale maneno aliyaandika yeye, kwa kalamu yake, amechuchumaa mbele ya karai la wifi yake, na ni yeye aliyeyafuta bila kuyasoma, na mita aliyoinama kuisoma ile Jumapili ilikuwa mita mpya. Mama Pacha angeweza kusema nyani haoni kundule, na ofisi nzima ingemuunga mkono. Hakusema. Alikwenda kuleta maji.

"Samahani, Mama Pacha," Mama Mkabala akasema, na sauti ilitoka ndogo.

"Kunywa kwanza."

"Kwa upande wa kitengo," Bwana Asilimia akaanza, "ieleweke kwamba mstari ulikuwa kijani..." Mama Mkabala akamtazama, naye akarudi ofisini kwake bila kuimaliza sentensi.

Akavuta kibodi ya fundi. Fomu ya sahihi tatu hakuiulizia, na fundi akaangalia pembeni. Akayarudisha maneno yote, neno kwa neno, pamoja na karai. Mstari ukawa mwekundu. Akauacha hivyo kwanza, akauangalia, kisha akafungua picha ya mji, akautafuta mpapai, na kuiweka nukta juu ya paa. Dakika kumi na mbili.

Saa nane mchana alikuwa hospitali. Kaka yake alikuwa ameketi nusu kitandani, mpira wa hewa puani, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Wifi alikuwa kwenye stuli, mtandio umepinda, hasira imemjaa sasa kwa kuwa mumewe ameokoka.

"Huyo aliyetuweka getini wamfukuze," wifi akasema. "Wamfukuze leo. Mtu mzima unakaa ofisini, unakula mshahara, unashindwa kuandika nyumba ya mtu ilipo! Wifi, umemjua ni nani?"

Angeweza kusema mashine. Lingekuwa jambo jepesi, na nusu yake lingekuwa kweli. Angeweza kusema namba mpya, na mita iliyovuja, na bwana mwenye tai.

"Ni mimi," akasema. "Ijumaa ile. Nilikuwa na nyumba sitini na dakika arubaini na tano, nikafuta maneno bila kusoma. Na yenu ilikuwamo."

Wifi akageukia dirisha. Mama Mkabala akangoja aambiwe lolote, hata atukanwe, ingekuwa nafuu. Alikuwa anaona aibu mpaka kwenye magoti.

Kaka alimtazama kwa muda mrefu, akivuta hewa. Mtu wa kutengeneza saa hana haraka hata akiwa na haki nayo.

"Sitini," akasema mwishowe.

"Ndiyo, kaka."

"Mimi nikiwamo."

"Ndiyo."

Akavuta hewa tena. "Na hao hamsini na tisa wako wapi?"

"Kwenye mageti. Shuleni. Sokoni. Sijui, kaka. Sikusoma."

"Wanajua?"

"Hawajui."

Kaka akalaza kichwa kwenye mto, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu wakiwa watoto akamkaripia.

"Basi hapa kwangu umekaa unangoja nini?"

Mama Mkabala akainuka. Daftari la zamani lilikuwa ndani ya mkoba. Alikuwa amelichukua kabatini bila kujua kwa nini. Akasimama kidogo mlangoni, akarudi hatua mbili, akamwomba wifi yake mwavuli, kwa ajili ya mbwa. Wifi hakugeuka kutoka dirishani, lakini aliunyoosha mkono na kumpa.